Kilimo kisichotegemea mifugo: rutuba itatoka wapi?

Kilimo kisichotegemea mifugo ni utaratibu wa kuzalisha chakula ambamo hakuna mnyama anayefugwa kwa ajili ya nyama, maziwa au mayai, wala udongo haurutubishwi kwa samadi au unga wa mifupa. Hoja yake kuu siku hizi ni tabianchi. Kwa makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, yaliyotolewa mwaka 2023, ufugaji huchangia takriban asilimia 12 ya gesijoto zitokanazo na shughuli za binadamu.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hutoa methani wanapocheua. Gesi hiyo hudumu angani kwa takriban miaka 12 tu, lakini katika kipindi cha miaka 20 huongeza joto karibu mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Kwa hiyo faida ya kuipunguza huonekana mapema. Jambo la pili ni ardhi. Utafiti wa Joseph Poore na Thomas Nemecek, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2018, ulikadiria kwamba dunia ikiacha vyakula vya wanyama, ardhi ya kuzalishia chakula itapungua kwa asilimia 76. Utafiti huo ulihusu mlo, si mashamba yasiyotumia samadi. Mambo hayo mawili huchanganywa mara nyingi mno.

Kwa mkulima, swali ni rutuba. Mkoani Oxfordshire, Uingereza, Iain Tolhurst amelima mboga kwa miongo kadhaa bila samadi wala mbolea ya viwandani. Mwaka 2004 shamba lake lilikuwa la kwanza kupata alama ya kilimo hai kisichotumia mifugo. Yeye hubadilisha mazao kwa zamu, hupanda klova na mimea mingine ya jamii ya mikunde ambayo mizizi yake hunasa nitrojeni ya hewani, kisha huongeza mboji ya matawi yaliyokatwakatwa.

Maarifa hayo si mageni Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1980, wamisionari Wabenediktini wa Peramiho, kusini mwa Tanzania, walieneza mmea uitwao marejea, unaopandwa ili ufukiwe na kurudishia udongo nguvu. Tatizo lilikuwa, na bado ni, kwamba shamba lililopandwa marejea msimu huo halimpi mwenye nyumba chakula. Mwenye ekari moja hawezi kulipumzisha bila kufikiri watoto watakula nini. Mbaazi zinazochanganywa na mahindi hupunguza ugumu huo, kwa kuwa zenyewe huliwa.

Serikali chache zimejaribu njia ya kodi. Denmark, nchi yenye nguruwe wengi kuliko watu, iliafikiana mwaka 2024 kutoza gesi za mifugo kuanzia 2030, kwa krona 300 kwa tani kabla ya nafuu ya asilimia 60. New Zealand iliachana na mpango wake wa namna hiyo mwaka huo huo.

Karamoja, Turkana na Umasaini ni habari nyingine. Huko mvua haitoshi kuivisha mahindi kila mwaka, na ng'ombe hugeuza nyasi, ambazo binadamu hawezi kuzila, kuwa maziwa. Kumtaka mfugaji wa huko auze mifugo yake yote ni kumtaka ahame.