Mwenyeji Huonja Kwanza

Anayetoka Kigali kwenda kuonja urwagwa, pombe ya ndizi ya Rwanda, ajiandae kutoka jasho kabla ya kunywa. Katika ziara kama zile za kituo cha utamaduni cha Red Rocks karibu na Musanze, hukuta ndizi zilizofukiwa shimoni siku kadhaa mpaka zikaiva. Humenywa, hutiwa kwenye hori la mti pamoja na majani, kisha hukandwa kwa mikono hadi maji yatoke. Majani ndiyo yanayoshika makapi. Maji hayo, umutobe, ni matamu na hayalevyi. Yakichanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa mahali penye joto, baada ya siku mbili tatu huwa urwagwa, yenye uchachu unaokwaruza koo kidogo.

Ndipo huja kibuyu na mirija. Kwa desturi mwenyeji huonja kwanza mbele ya wageni, wajue hakuna sumu. Zamani mrija mmoja ulizunguka kundi zima. Serikali ilipiga marufuku jambo hilo kwa ajili ya afya, na ilifanya vyema.

Kigali ilianza kama kituo cha Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907. Pombe za Rwanda ni kongwe kuliko mji huo. Huko Nyanza, kwenye mfano wa makao ya kale ya mfalme, nyumba ya pombe imesimama nyuma ya nyumba yake, jirani na ile ya maziwa. Katika gacaca ya jadi, baraza la kusuluhisha magomvi, aliyepatikana na kosa alitoa pombe, akainywa pamoja na aliyemkosea na majirani. Mpaka leo, kwa desturi, posa bila pombe haikamiliki.

Wakoloni waliitambua nguvu ya mila kama hizo. Umuganura, sherehe ya mavuno ambamo mfalme alionja mazao mapya ya mtama na ulezi, ilikomeshwa mwaka 1925, Wabelgiji walipompeleka Gashamura, msimamizi wake, uhamishoni Burundi. Bia ya kiwanda ilifuata: Bralirwa ilianzishwa Gisenyi mwaka 1957. Urwagwa haikufa, na sasa nayo hutiwa chupani.

Ziara inayoishia kwenye kukanda ndizi humpunja mgeni. Mwulize kiongozi wako habari za Gashamura, na ukiweza, safiri Agosti: Ijumaa ya kwanza ya mwezi huo ni sikukuu ya Umuganura, iliyorejeshwa rasmi mwaka 2011.