Wasomi wa Mlimani Vitani
Ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja ukitokea Mchafukoge, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, ndiko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikoanzia mwaka 1961, kikifundisha sheria tu. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Huko alisoma Yoweri Museveni wa Uganda, aliyehitimu mwaka 1970. Akiwa bado mwanafunzi, yeye na wenzake walizuru maeneo ya Msumbiji yaliyokombolewa na chama cha ukombozi cha FRELIMO, na funzo la ziara hiyo lilizidi mihadhara mingi. Mwaka 1979 wapiganaji wake wa FRONASA waliungana na Jeshi la Wananchi wa Tanzania katika vita vya kumng'oa mtawala wa Uganda, Idi Amin. Kampala ilianguka Aprili 11. Mashujaa wa Tanzania, wakiwemo wa vita hivyo, hukumbukwa kitaifa kila Julai 25. Mamia ya askari wa Tanzania waliokufa katika vita hivyo wamezikwa Kaboya, Muleba.