Ramani ya Sikio Ilichorwa Lyon

Wanaobandikiwa mbegu masikioni ili wapate usingizi au watulize wasiwasi huambiwa ni tiba ya Kichina ya maelfu ya miaka. Ni kweli Wachina walitumia sikio kutibu tangu kale. Lakini ramani inayotumika leo, ambayo kila kiungo cha mwili kina nukta yake sikioni, asili yake ni Ufaransa, na haijatimiza karne.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Dakta Paul Nogier wa Lyon aliona kovu dogo la moto masikioni mwa baadhi ya wagonjwa wake. Walikuwa wakiteswa na maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, wakaenda kwa mwanamke mmoja wa Marseille aliyetibu kienyeji. Akawachoma kwa chuma cha moto, wote mahali pamoja, nao wakasema wamepona. Daktari mwingine angewapuuza. Nogier alianza kubonyeza masikio ya wagonjwa akitafuta panapouma, mpaka akaliona sikio kama kichanga kilichopinduka tumboni: kichwa kiko kwenye ndewe, uti wa mgongo kwenye tuta la ndani. Alieleza kazi yake Marseille mwaka 1956. Jarida la Kijerumani likaichapisha, na kufikia 1958 ilikuwa imefika China, ambako madaktari waliijaribu na kuongeza nukta zao.

Sura ya historia hii inayonigusa zaidi ni ya New York. Mwaka 1970 wanaharakati wa kundi la Young Lords waliikalia hospitali ya Lincoln, South Bronx, mtaa ulioumizwa na heroini. Huduma ya waraibu ilianzishwa humo mwaka uleule, na baadaye sindano zilizochomwa kwenye nukta za sikio zikatumika kupunguza arosto. Huko ndiko ulikotoka utaratibu wa nukta tano unaofundishwa na NADA, chama cha tiba hiyo ya sindano kwa waraibu, kilichoundwa mwaka 1985.

Asiyetaka sindano hubandikiwa kwa plasta mbegu nyeusi za vaccaria, akazibonyeza mwenyewe mara kadhaa kwa siku. Ni njia nyepesi na ya bei nafuu. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002, uliohusisha waraibu 620 wa kokeini, haukuona sindano za nukta za NADA zikifaa zaidi kuliko zile zilizochomwa kwingine sikioni.

Kwa hiyo bonyeza sikio likupe utulivu, ila dawa ya presha au methadoni uliyoandikiwa usiiache, na maumivu yasiyokwisha yapeleke hospitali.