Kutoka Bunkeya Hadi Nungwi: Starehe ya Ufuoni na Watu wa Katanga

Shaba ya Katanga huiona bahari kuliko Wakatanga wenyewe. Malori hutoka Lubumbashi, hupita Kasumbalesa, huikata Zambia hadi Tunduma, kisha huteremka bandarini Dar es Salaam. Ng'ambo ya mkondo ipo Zanzibar. Siku hizi mwenye uwezo wa mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, aweza kupanda ndege, na kesho yake akaamkia hoteli ya kifahari ambako mawimbi yanagonga karibu na kizingiti. Wengi huiona anasa hiyo kuwa jambo la kigeni, lililokuja na watalii. Sivyo. Ina umri mrefu, na watu wa bara wamo ndani yake tangu mwanzo, ingawa hawakuingia kama wageni.

Katikati ya karne ya 19, Mwenda Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa Kinyamwezi, alijenga dola ya Garenganze na kuweka makao yake Bunkeya. Shaba na pembe za ndovu zilitoka huko kwenda pwani mbili, ya Angola na ya Uswahilini, na watu waliotekwa wakapelekwa kwa njia hizohizo. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alimshinda Nsama wa Watabwa katika nchi iliyo kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika, akaondoka na shehena kubwa ya pembe. Zilibebwa begani, mwendo wa miezi.

Mali hiyo, pamoja na karafuu zilizolimwa na watumwa, ndiyo iliyoipamba pwani ya Unguja. Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, na katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886 aliueleza ua wenye tausi, nyumba za kuogea na roshani iliyoelekea baharini. Miaka ya mwanzo ya 1880 kaka yake, Sultani Barghash, alijenga jumba la Maruhubi lenye mabwawa yake. Liliungua mwaka 1899, na nguzo zake zingali zimesimama. Hoteli ya leo ina karibu kila kilichokuwamo Mtoni: baraza inayokabili bahari, maji ya kuogea, matunda mezani, bustani, watumishi wengi wanaotembea kimya. Kilichobadilika ni mlipaji. Barghash huyohuyo, akishinikizwa na Waingereza, ndiye aliyetia saini mwaka 1873 mkataba wa kufunga soko la watumwa. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897.

Msiri alikuwa ameshakufa. Aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili, na Katanga ikaelekezwa upande mwingine, wa mfalme huyo.

Kisiwa cha Changuu, jirani na Unguja, kinaonyesha mgeuko wa nyakati kuliko majumba yote. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alijenga gereza hapo. Halikutumika kama gereza. Kisiwa kikawa karantini ya abiria waliohofiwa kuleta maradhi. Kobe wakubwa kutoka Ushelisheli waliletwa mwaka 1919, na watu wakaanza kwenda kuwatazama na kuogelea. Mahali palipokusudiwa kumfunga mtu pakawa pa kupumzikia.

Ukoloni ulileta likizo yenye tarehe na mshahara. Mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa, wafanyakazi wa Ubelgiji walipata kwa sheria siku sita za mapumziko ya kulipwa kwa mwaka. Walowezi wa nyanda za juu za Kenya walikuwa wameshaanza kuteremkia Malindi, ambako hoteli za ufuoni zilifunguliwa miaka hiyo ya 1930. Hoteli ya Nyali Beach, Mombasa, ikafuata mwaka 1946, na hoteli ya Peponi ya Shela, Lamu, mwaka 1967.

Je, Katanga? Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilianza mwaka 1910, miaka minne baada ya kampuni ya madini ya Union Minière kuundwa. Mji wa Wazungu ulitengwa na makazi ya Waafrika kwa ukanda mtupu wa ardhi. Mfanyakazi wa mgodi alipewa nyumba kambini na posho, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilimhimiza akae na mke na watoto, maana mgodi ulitaka watu wasioondoka. Ubelgiji ilikuwa na mlango wake wa bahari: kwa mkataba wa mwaka 1921 ilipewa sehemu za bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mlango huo ulikuwa wa shehena. Babu zetu walichimba kilichopita hapo, basi.

Maji yalibaki mahali pa ndoto na hofu. Miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi waliuza sana picha za mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki aliyeketi ukingoni mwa maji, na familia za wafanyakazi zilizitundika sebuleni. Ilisemwa kwamba aliyepata unywele wake angepata mali, lakini kwa masharti. Naziheshimu picha hizo. Zinajua kwamba mali itokayo majini ina anayeidai.

Zanzibar ilikutana na masharti hayo bei ya karafuu ilipoanguka miaka ya 1980. Serikali iliyotaifisha ardhi baada ya Mapinduzi ya 1964 ilitunga sheria ya kuvutia wawekezaji mwaka 1986, na hoteli zikaota Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Matemwe. Kufikia mwaka 2023 wageni walipita laki sita kwa mwaka. Kazi zilipatikana, barabara na umeme vikaja, na sitawadharau vijana waliosomesha wadogo zao kwa mshahara wa hoteli. Lakini ufuo wa Mswahili ni kiwanda: hapo ngalawa hutiwa majini, kamba husokotwa kwa makumbi, wanawake hulima mwani bahari ikitoka. Huko Paje mwani na michezo ya wageni hugombea maji yaleyale, na kandokando ya kisiwa cha Mnemba wavuvi walijikuta wakizuiwa kwenye maji ya jadi yao. Uzio ukishafika majini, kijiji kimegeuzwa mgeni kwao.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Kisiwa cha Chumbe kilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1994. Kina nyumba saba tu za wageni, hunywa maji ya mvua, hutumia umeme wa jua. Wavuvi walifunzwa ulinzi wa matumbawe na wanafunzi wa Zanzibar hupelekwa kujifunza huko. Mgeni hulipa sana, na malipo yake yanalinda samaki ambao wavuvi watawavua nje ya mipaka. Kwangu hiyo ndiyo anasa iliyolipa deni lake.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na jimbo la Tanganyika lina ufuo ambao wawekezaji watautaka: Kalemie, Moba, na ziwa lenye kina kinachokaribia mita 1,500. Wakuu wa majimbo yetu waandike haki ya wavuvi na wachuuzi wa dagaa kupita ufuoni katika kila mkataba wa hoteli, kabla ya kutia saini. Nawe msomaji wa Hewa Bora unayeiwekea akiba fungate ya Zanzibar, nenda, umestahili. Ila kabla ya kulipa, iulize hoteli wanakijiji wanapitia wapi kwenda baharini. Ikikosa jibu, chagua nyingine.