Nyumbu na Mpaka Uliofungwa

Mwezi Februari mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikisambaratika, serikali ya Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo haukufunguliwa hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Magari ya watalii yaliyozoea kutoka Nairobi, kupita Masai Mara na kuingia Serengeti yalizuiwa. Lakini kiangazi kilipofika, nyumbu wengi mno walivuka kwenda Kenya kama kawaida yao, na mvua ziliporejea wakarudi Tanzania.

(Ukikutana na neno “nyumbu” katika kamusi, usishangae kuona pia maana ya baghala, yule mnyama azaliwaye na punda na farasi. Hapa tunamzungumzia mnyama wa porini.)

Huenda ukajiuliza: kaskazini, kwenye Mto Mara, maji hayakauki na nyasi ni nyingi, kwa nini basi nyumbu wasibaki huko mwaka mzima? Jibu limo ardhini. Tambarare za kusini zina udongo wa majivu ya volkano, na nyasi zake fupi zina kalsiamu na fosforasi kwa wingi, madini ambayo mama anyonyeshaye anayahitaji mno. Tena mahali palipo wazi simba hana pa kujificha. Ndiyo maana ndama wengi huzaliwa huko kusini, karibu wote katika majuma machache ya mwezi Februari. Mvua zikikoma, tambarare hizo hukauka kabisa, na kundi halina budi kulifuata ziwapo nyasi mbichi na maji. Kwa hiyo kila upande huwafaa kwa majira yake tu, na ukiuondoa mmoja, kundi haliwezi kubaki kubwa kama lilivyo.

Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi mwaka 1886, waliukata mzunguko huo kwa mstari ulionyooka kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, wenye kona moja tu kubwa penye Kilimanjaro. Miaka michache baadaye ukaja ugonjwa wa sotoka, ulioangamiza ng’ombe wa Wamaasai, na njaa ikafuata. Nyumbu nao walikufa kwa wingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani, waliwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Walipata nyumbu wapatao 99,000 tu, wakaonyesha pia kwamba mipaka ya hifadhi iliyokuwa ikipangwa haikulingana na njia za wanyama. Michael alifariki katika ajali ya ndege Januari 1959. Mwaka huohuo Wamaasai waliondolewa Serengeti wakapelekwa Ngorongoro, jambo ambalo masimulizi mengi ya uhifadhi hulipita haraka mno.

Kilichowaongeza nyumbu hakikuwa walinzi peke yao. Ng’ombe walipochanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa ulitoweka hata kwa wanyama wa porini ambao hawakuchanjwa kamwe. Hesabu yao ikapanda kutoka takriban 260,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja mwaka ule wa kufungwa mpaka. Sindano ya mfugaji ilifanya kazi kuliko bunduki ya askari wa wanyamapori.

Leo hatari imo katika maamuzi ya kila upande. Mto Mara huanzia katika msitu wa Mau, nchini Kenya, na miti inayokatwa huko hupunguza maji ambayo nyumbu wa Tanzania huyategemea kiangazi. Kwa upande wa pili, Tanzania ilipotaka kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, shirika moja la Kenya lilifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha. Mwaka 2014 mahakama hiyo iliizuia.

Na lile lango la watalii kati ya Mara na Serengeti? Mpaka ulifunguliwa, lakini lango halikurudia kazi yake ya zamani. Mtalii hulazimika kuzunguka hadi Isebania na Sirari kugongewa mhuri, huku nyumbu wakivuka palepale walipozoea.