Vumbi la Mawe na Mapafu ya Wachimbaji

Wasikilizaji wetu, leo twataka kueleza habari za wachimbaji wa dhahabu wa Ontario, katika nchi ya Kanada, maana yatufaa na sisi.

Dhahabu ya Porcupine, iliyovumbuliwa mwaka 1909, imo katika jiwe gumu liitwalo kwatzi. Jiwe hilo ni silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni. Waliolitoboa walivuta vumbi lake, wakapatwa na silikosi: walikohoa, wakaishiwa pumzi, na wengi wakafa.

Wakati ule wataalamu wengi walidhani kwamba silika huyeyuka mapafuni ikawa asidi, na asidi hiyo ndiyo sumu. Mwaka 1937 Denny, Robson na Irwin walitangaza kwamba sungura waliovutishwa vumbi la kwatzi pamoja na unga wa alumini, madini yafanyayo sufuria nyepesi, hawakudhurika kama wenzao. Basi tangu mwaka 1943 wachimbaji walifungiwa katika chumba cha kubadilia nguo, wakavutishwa unga huo kabla ya kushuka shimoni. Waliambiwa kuwa ni kinga. Desturi hiyo iliendelea hata mwaka 1979.

Lakini silika haiui kwa kuyeyuka. Jiwe livunjwapo, vifungo vya atomu zake hukatika, na uso mpya wa kila chembe huwa mkali kikemia. Chembe ndogo kabisa hufika mwisho wa mapafu. Huko seli za ulinzi huzimeza, kama zimezavyo vijidudu. Uso ule mkali hupasua kifuko kilichozifunga. Seli hufa, na chembe hutoka nzima, zikamezwa na seli nyingine, nayo ikafa vivyo hivyo. Mwili hujaribu kuponya kidonda kwa kovu juu ya kovu, hata mapafu yakakakamaa. Tena kifua kikuu huingia kwa urahisi, kwa kuwa walinzi wamekwisha.

Unga ule haukuwa kinga. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ugonjwa wa Parkinson, wa kutetemeka mwili, umezidi miongoni mwa waliouvuta.

Wachimbaji wadogo wa Geita nao husaga mawe yenye kwatzi. Basi tukumbuke: kovu la mapafu halina dawa ya kuliondoa, wala kitambaa cha puani hakizuii chembe hizo. Jiwe lilowe maji kabla ya kupigwa, na kazi ifanywe penye upepo, watoto wakikaa mbali.