Nani Croze, fundi wa vioo vya rangi

Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, ni mmoja wa waanzilishi wa sanaa ya vioo vya rangi katika Afrika Mashariki. Karakana yake aliijenga Kitengela, Kenya, karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, akafundisha watu wa huko kazi hiyo. Mwanawe Anselm hupuliza kioo kilichoyeyushwa kutoka chupa na vioo vilivyotupwa.

Sisi wa Musonoi jambo hili latuhusu. Kobalti ndiyo hukipa kioo rangi ya buluu, na shaba huleta kijani. Tunayachimba yote mawili, malori yanayapeleka mbali, na vijana wetu wanabaki mashimoni. Tuwaombee, tena tuwatafutie ufundi wa kujifunza.